Luxor kwa mgeni wa mara ya kwanza: jinsi ya kuuona mji bila kuungua na jua wala kupigwa bei

Maswali ni yale yale kila msimu. Nikae siku ngapi? Nilale upande gani wa mto? Ni kweli watu wa huko wasumbufu? Siku moja haitoshi? Nianze na hilo la mwisho: haitoshi. Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda Luxor, kusini mwa Misri, kwa mara ya kwanza, kwa pesa zake, bila kundi wala mtembeza watalii.

Luxor hupangwa kwa jua, si kwa orodha ya vivutio. Mto Nile unaupasua mji katikati. Mashariki ndiko kwenye mji wenyewe, stesheni ya treni, na mahekalu mawili makubwa ya Luxor na Karnak. Magharibi ni mashamba ya miwa, kisha milima mikavu isiyo na hata kichaka, na chini ya milima hiyo ndiko walikozikwa mafirauni. Magharibi kunaendewa asubuhi na mapema. Mashariki kunaweza kusubiri jioni. Kati ya saa sita na saa tisa mchana hakuna la kufanya ila kula, kulala au kukaa ndani ya makumbusho. Ukilishika hili, mengine ni marekebisho tu.

Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi, na visa. Masharti hutegemea pasipoti: wapo wanaopata visa mtandaoni au wakishuka uwanjani, na wapo ambao lazima wapitie ubalozini. Uliza ubalozi wa Misri unaohudumia nchi yako kabla ya kulipia ndege. Usimuulize rafiki mwenye pasipoti ya nchi nyingine.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kiweke pamoja na pasipoti, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.
- Kadi mbili za benki. Madirisha ya tiketi ya vivutio vingi vikubwa siku hizi hayataki noti, yanataka kadi. Moja ikigoma uwe na nyingine.
- Noti ndogo ndogo za pauni ya Misri, kwa ajili ya kivuko, chai, choo na bakshishi. Kila ukipata pa kuvunja noti kubwa, ivunje.
- Kofia pana, losheni ya kukinga jua, mtandio mwepesi, na viatu vya kufunika vidole. Ardhi ni kokoto na vumbi, na ngazi za makaburini zina mwinuko.
- Maji lita moja na nusu kwa kila mtu kwa asubuhi moja, na pakiti chache za chumvi za kurudisha maji mwilini (ORS).
- Kitambulisho cha kimataifa cha mwanafunzi kama bado unasoma. Kwa kawaida hupunguza kiingilio kwa nusu, na kwa makaburi hiyo ni pesa nyingi.

Bei za viingilio sitaziandika kwa sababu hupanda mara kwa mara, na bei ya mwaka jana ndiyo inayowafanya watu wagombane na mkata tiketi asiye na kosa. Tovuti rasmi ya Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale ya Misri huorodhesha bei ya kila hekalu na kila kaburi pamoja na saa za kufungua. Ifungue usiku wa kuamkia matembezi.

Kuhusu saa, kuna mtego. Saa zote ninazotaja humu ni za Kiswahili. Dereva wa Luxor akikwambia atakuja saa *sitta* asubuhi, wewe ukasikia saa sita, utamkuta ameshaondoka kitambo: anahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo hiyo ni saa kumi na mbili yetu. Andika muda kwenye simu kwa tarakimu, umwonyeshe. Pia, majira ya baridi Misri iko saa moja nyuma ya Afrika Mashariki. Majira ya joto husogeza saa mbele, mkawa sawa.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi, kisha siku. Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la mchana huvuka nyuzi 40, na joto hilo halina mvua ya kulipoza: Luxor ni miongoni mwa miji mikavu kabisa duniani. Desemba na Januari mchana ni mzuri ila usiku baridi inauma, hivyo beba sweta hata kama jirani atakucheka. Ukienda mwezi wa Ramadhani, tarajia vivutio kufungwa mapema kuliko kawaida na migahawa mingi kulala mchana. Kwa siku, kima cha chini ni asubuhi tatu. Nasema asubuhi kwa sababu ndizo zinazohesabika. Ukifika saa tano, siku hiyo usiihesabu.

2. Fika. Ndege kutoka Cairo huchukua kama saa moja. Treni hufuata mto na huchukua kama saa kumi, wakati mwingine zaidi. Kama una muda, panda ya mchana angalau upande mmoja wa safari, ukae dirishani: ukanda wa kijani wa Nile ni mwembamba kiasi kwamba mahali pengine unaona jangwa la pande zote mbili bila kugeuza shingo sana. Stesheni ya Luxor iko katikati ya mji, na Hekalu la Luxor si mbali kwa miguu. Kwa hiyo yule mwenye teksi anayekwambia hekalu liko mbali mno, mwache.

Jifunze tarakimu za Kiarabu kabla ya safari, hata ndani ya treni. Inayokutapeli macho ni tano, ٥, inayofanana na sifuri yetu. Sifuri yao ni nukta, ٠. Namba za mabehewa na bei za sokoni mara nyingi huandikwa hivyo.

3. Amua utalala ng'ambo ipi. Mashariki kuna hoteli kubwa, benki na maduka. Magharibi, hasa karibu na gati la kivuko, kuna nyumba za wageni ndogo zenye paa la kukaa jioni, na unaamshwa na punda na adhana badala ya honi. Kwa asubuhi tatu mimi ningelala magharibi, kwa sababu kazi ya asubuhi iko huko, na usingizi wa nusu saa zaidi si jambo dogo unapoamka alfajiri. Mwenye watoto wadogo au anayefika usiku sana, alale mashariki.

Kivuko cha umma kinaondoka karibu na Hekalu la Luxor, kinabeba wenyeji wanaotoka kazini na sokoni, na nauli yake ni ndogo sana. Gatini watakuwepo watu wa kukwambia kimeharibika au kimemaliza safari, njoo kwenye mashua yangu. Usibishane. Tazama wanawake wenye vikapu wanaelekea wapi, uwafuate.

4. Jioni ya kwanza: Hekalu la Luxor. Nenda jua likiwa linazama, ukae mpaka taa ziwashwe. Hili ndilo hekalu linalofunguliwa hadi usiku, kwa hiyo ni kosa kulimalizia asubuhi yenye thamani. Langoni utaona obeliski, mnara mmoja wa jiwe jekundu ulioinuka peke yake. Ulikuwa na mwenzake; huyo yuko Paris, uwanja wa Concorde, tangu 1836.

Ndani, uani kwa firauni Ramses II, inua macho upande wa kushoto. Juu kabisa ya ukuta utaona mlango unaofunguka hewani, mita nyingi kutoka unaposimama. Ni msikiti wa Abu al-Haggag. Ulipojengwa, hekalu lilikuwa limefukiwa kwa mchanga na udongo wa mafuriko, na juu yake watu walikuwa wamejenga nyumba. Mlango ule ulikuwa usawa wa barabara. Wachimbaji waliondoa udongo, msikiti ukabaki juu ya nguzo za firauni, na hadi leo watu wanaswali humo. Ukiwa Mwislamu unaweza kuswali swala ya magharibi hapo. Huingii kwa tiketi ya hekalu bali kwa mlango wa nje, upande wa mtaani.

Kutoka hekaluni inaanza Njia ya Sfinksi, yaani sanamu za simba wenye vichwa vya watu, inayokwenda hadi Karnak, kama kilomita 2.7. Ilifunguliwa upya Novemba 2021. Tembea kipande chake jioni. Kuitembea yote mchana bila kivuli ni kujitafutia kuumwa kichwa.

5. Asubuhi ya kwanza: Bonde la Wafalme. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uwe langoni linapofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi. Mabasi ya makundi huanza kumiminika baadaye kidogo, na baada ya hapo kila kaburi ni foleni na jasho. Kodisha teksi ya nusu siku kwa ajili ya magharibi. Patana usiku uliotangulia, ukitaja vituo vyote na muda wa kusubiri, na ulipe mwishoni. Hakuna mita.

Bonde lina makaburi zaidi ya 60 yaliyokwisha gunduliwa, ila yanayofunguliwa kwa wakati mmoja ni machache na hupokezana ili rangi zipumzike na pumzi za watu. Tiketi ya kawaida inakupa makaburi matatu kati ya yaliyo wazi. Nje ya hiyo, Tutankhamun, Seti I, na lile la Ramses V na VI yana tiketi zake, na zote hununuliwa chini langoni kabla hujapanda. Ukishafika juu ukatamani kaburi la ziada, itabidi urudi.

Chaguo langu kwa tiketi ya kawaida: Ramses IV, ambalo halina ngazi nyingi na dari yake ina mungu wa kike Nut aliyenyooshwa kote, Ramses III, refu, lenye vyumba vidogo vya pembeni vilivyochorwa, na Merenptah kama magoti yako yanaruhusu kushuka. Likiwa limefungwa mojawapo, Ramses IX liko karibu na lango. Pesa ya ziada ningeiweka kwenye Ramses V na VI kabla ya Tutankhamun.

Najua hilo litawaudhi wengi. Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter Novemba 1922, ni dogo, lenye chumba kimoja tu kilichochorwa. Hazina zenyewe hazipo; ziko kwenye Jumba Kuu la Makumbusho la Misri huko Giza. Kilichobaki ni jeneza la mawe na maiti ya kijana mwenyewe ndani ya kioo. Wapo ambao hilo linawatosha kabisa. Lakini usiende ukitarajia dhahabu.

Tahadhari za humo ndani:

- Simu kwa kawaida inaruhusiwa kupiga picha bila malipo, mradi usiwashe mwanga. Mlinzi akikwambia picha ina ada yake, omba risiti, ada itayeyuka.
- Mlinzi anayekuita "njoo, njoo" kwenye kona iliyofungwa kwa kamba hafanyi ukarimu. Ukimfuata, bakshishi unayo deni. Kama hutaki, sema *la, shukran*, uendelee kutembea bila kusimama. Kusimama ndiko kunakoanzisha mazungumzo.
- Usiguse kuta, hata kwa kidole kimoja.

6. Kutoka bondeni, Hatshepsut, kisha urudi. Hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama firauni, liko upande wa pili wa mlima, ghorofa tatu za nguzo zilizoegemea jabali. Kwa mbali linapendeza kuliko kwa karibu, na saa tatu asubuhi jabali lile linakurudishia joto usoni. Usipande hadi juu kabla ya kupita baraza la kati, mkono wa kushoto. Hapo imechongwa safari ya meli kwenda nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika: nyumba juu ya nguzo zenye ngazi, miti ya ubani ikibebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, samaki chini ya meli. Ni miaka zaidi ya 3,400 iliyopita. Watu wengi huipita wakikimbilia picha ya juu.

Mkiwa njiani kurudi, dereva atasimama kwenye sanamu mbili kubwa za Memnon. Hazina kiingilio. Dakika kumi zinatosha. Kisha nenda ukalale.

7. Asubuhi ya pili: Karnak. Fika mapema tena, na usianze kusoma kila jiwe la lango la kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa nguzo kabla haujajaa. Nguzo ni 134. 12 za katikati zina kimo cha kama mita 21, na vichwa vyake vimechongwa mfano wa ua la mafunjo lililochanua. Tembea kutoka upande wa kaskazini hadi kusini ukitazama michongo tu. Kaskazini, kazi ya Seti I, picha zimetokeza nje ya jiwe kwa upole, hata kope zinaonekana. Kusini, kwa mwanawe Ramses II, zimezamishwa ndani, kwa kina, kwa haraka. Jua la asubuhi likipiga kwa ubavu, tofauti inaonekana kwa jicho la mtu asiyejua lolote.

Nyuma kuna obeliski ya Hatshepsut iliyobaki wima, karibu mita 30, na ziwa takatifu. Kando ya ziwa utaona watu wakizunguka sanamu ya mbawakawa wa mavi wakihesabu mizunguko ili wapate bahati. Idadi ya mizunguko hutegemea unamuuliza nani. Usikose uwanja wa makumbusho ya wazi upande wa kaskazini: kuna hekalu dogo jeupe la firauni Senusret I, lililojengwa upya kutokana na mawe yaliyokutwa yametumika kama kifusi ndani ya lango la firauni aliyekuja baadaye. Uliza dirishani kama tiketi yako inakuingiza humo.

Mchana, Makumbusho ya Luxor. Ni madogo, yana ubaridi, na vitu vimepangwa kwa nafasi. Humo mna sanamu zilizokutwa zimezikwa uani kwa Hekalu la Luxor mwaka 1989. Thibitisha saa zake kwanza, maana hubadilika.

8. Asubuhi ya tatu: magharibi tena, pasipo na watu. Wengi huiacha hii, na ndiyo ninayoipenda. Hapa baiskeli inatosha, kwani njia ni tambarare hadi mwisho wa mashamba. Anzia kwenye ofisi ya tiketi iliyo mbele kidogo ya sanamu za Memnon. Angalizo kubwa: tiketi za Medinet Habu, Deir el-Medina, Ramesseum (hekalu la Ramses II) na makaburi ya wakuu hununuliwa hapo, si kwenye milango ya sehemu hizo. Kila siku kuna mtu anayefika Medinet Habu na kurudishwa barabarani akiwa amevimba.

Deir el-Medina kilikuwa kijiji cha mafundi waliochimba na kuchora makaburi ya wafalme. Misingi ya nyumba zao bado ipo, chumba baada ya chumba, na kiko kichochoro kimoja katikati ambacho watu wawili wanene wasingepishana. Ingia kaburi la Sennedjem. Unashuka ukiinama, unapita tundu la kubana mabega, halafu unasimama ndani ya chumba kidogo chenye dari ya kuba, njano tupu kama kiini cha yai, na fundi huyo na mkewe wanavuna ngano Akhera, yeye kwa mundu, mke akiokota masuke nyuma yake, wote wawili wamevaa nguo nyeupe za sikukuu. Mtu aliyeshinda akiwachorea wafalme, usiku alijichorea lake.

Ni mafundi hao hao waliogoma katika mwaka wa 29 wa Ramses III, mgao wao wa nafaka ulipochelewa: waliweka zana chini, wakaenda kukaa kwenye mahekalu hadi walipwe. Ndio mgomo wa kazi wa kale kuliko yote iliyoandikwa. Ukitoka hapo endesha baiskeli hadi Medinet Habu, hekalu la Ramses III huyo huyo, uone alivyojichora. Michongo yake imekwenda ndani kiasi cha kumeza vidole. Kuna waandishi wanaohesabu mikono iliyokatwa ya maadui, rundo baada ya rundo. Juu, chini ya dari, bluu na nyekundu bado zipo. Mbele ya lango kuna vibanda vya chai vyenye kivuli.

Kaburi la Nefertari, kwenye Bonde la Malkia, lina sifa ya kuwa zuri kuliko yote, na bei inayolingana na sifa. Hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo. Likiwa wazi na mfuko ukiruhusu, lipia bila kusita, uache Tutankhamun.

9. Alasiri moja ipe mto. Feluka ni mashua ya tanga, haina injini. Upepo huvuma kutoka kaskazini na mkondo unatoka kusini, ndiyo maana mabaharia wa Nile hupanda kwa tanga na kushuka kwa mkondo. Panda kama saa kumi jioni, urudi jua likishazama. Bei ni ya mashua kwa saa, si ya kichwa. Litamke hilo kabla ya kukanyaga ubao, na utaje pia kama chai imo. Upepo ukikatika katikati ya mto mtakaa. Nahodha hana la kufanya, na saa za kukaa bila upepo msizilipie kama mlikubaliana safari moja.

Usiogee. Mkondo una nguvu, meli za kitalii zinapita karibu, na kuna hatari ya kichocho kwenye maji yaliyotulia kingoni.

10. Baluni, ukipenda. Baluni za hewa moto hupaa ng'ambo ya magharibi alfajiri. Mandhari ni ya pekee: mashamba yanakoma ghafla, jangwa linaanza bila hata uzio. Lakini uamue ukijua kwamba Februari 2013 baluni moja liliwaka moto hapa na watu 19 wakafa. Usichague kampuni ya bei ya chini kuliko zote; hapa si pa kubania pesa. Iweke kwenye asubuhi mojawapo ya mwanzo wa safari yako, si ya mwisho, ili upepo ukikataa uwe na siku nyingine.

Mambo yakienda kombo

*Dereva amekupeleka kwenye karakana ya mawe au duka la mafunjo usilolitaja.* Analipwa kamisheni. Bakia garini, sema huna nia ya kununua, mrudi njiani. Wakati wa kupatana sema wazi: bila maduka.

*Bei imebadilika mwisho wa safari.* Mpe mlichokubaliana, kamili, mkononi, ushuke. Ndiyo maana noti ndogo. Ukitoa noti kubwa ukisubiri chenji, umeanza mjadala mpya.

*Mwenye gari la farasi hakuachi.* Kila jibu lako ni mlango kwake, hata jina la nchi yako. Miwani ya jua husaidia, na mwendo usiobadilika. Ukitaka kupanda, mtazame farasi kwanza: mbavu zikionekana au kuna vidonda chini ya hatamu, acha.

*Kadi imegoma dirishani.* Jaribu ya pili. Ikigoma nayo, mgeni mwenzako aliye nyuma yako mara nyingi atakubali kukulipia ukampa noti taslimu. Benki yako iarifu kabla ya safari kwamba utatumia kadi Misri.

*Kaburi ulilolitaka limefungwa.* Hakuna wa kumlalamikia. Ubao wa langoni huonyesha yaliyo wazi. Piga picha ubao, uchague kabla ya kupanda.

*Kichwa kinagonga, huna hamu ya kula, mkojo ni wa njano iliyokoza.* Jua limekushinda. Kivuli, maji yenye chumvi za ORS, na siku hiyo imekwisha. Ukiacha kutokwa jasho au ukianza kuchanganyikiwa, hiyo ni hospitali, si hoteli.

*Tumbo limeharibika.* ORS tena. Ikizidi siku mbili au ukiona damu, nenda kwa daktari. Kuzuia: maji ya chupa yenye kifuniko kisichofunguliwa, saladi za barabarani uziache.

*Umebakiwa na siku nzima.* Usiizungushe sokoni. Chukua gari alfajiri kwenda Dendera, kama kilomita 60 kaskazini, kwenye hekalu la Hathor, mungu wa kike. Dari yake imesafishwa masizi, na nyota, mashua za anga na bluu yake zinaonekana kana kwamba mchoraji ameshuka ngazi jana. Dereva atasema mnaweza kuunganisha na Abydos, mahali pengine penye mahekalu, siku hiyo hiyo. Mnaweza, ila mtarudi usiku. Na mwambie mapema, tena kwa herufi kubwa kwenye simu: bila maduka.